Mwendo wa Marehemu Lugembe

Siku Kasimiri Ngollo alipoingia kwa mara ya kwanza dukani kwa Abasi, nyuma ya soko la Tabora, alikuwa na debe la asali begani. Akalitua, akaitazama mizani, akamtazama mwenye mizani usoni, kisha akainua macho hadi kwenye kofia ya pama iliyoning'inia kwenye msumari. Abasi alikuwa ameipata kofia ile mnadani, katika vyombo vya mzungu mmoja wa reli aliyerudi kwao, na alikuwa akiiwekea mteja wa saizi yake: karani, mwalimu, mtu wa mshahara. Mrina asali wa Itetemia hakuwamo katika mawazo hayo.

Wakaanza na asali. Abasi akachovya kidole, akalamba, akakunja uso kama aliyelamba mwarobaini. Ndivyo alivyofanya kwa kila asali, hasa ikiwa nzuri.

"Ina moshi," akasema.

"Nyuki wangu hawatoki kwa kupigiwa hodi."

"Na maji umetia."

"Maji tunawaachia ninyi watu wa pwani. Babu yangu alifika kwenu na pembe begani, kiu imemkaba, babu yako akamuuzia maji ya kisima. Maji ya Mungu!"

Abasi akacheka bila kutaka. Asili yake ilikuwa Mzaramo; babu yake alipanda bara na msafara, akaoa Tabora na kuzikwa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi wakawa watani katika njia ile ile ya misafara, na mtani ana haki zake. Atakutukana mbele ya wakwe zako, nawe ucheke. Atachukua kitu chako mchana kweupe, wala usiende barazani kumshitaki. Na siku ukifa, atakuja msibani kuigiza mwendo wako na maneno yako, mpaka waliao wacheke huku machozi yakiwa bado usoni.

"Kumbe mpagazi!" akasema Abasi. "Ndiyo maana bega moja limelala."

"Limelala kwa kuwabebea wavivu."

Utani ukaisha, bei ikabaki. Abasi hakupanda. Kasimiri akajitwika debe lake, akaenda mpaka mlangoni, akasimama, mgongo kaupa duka. Kila mnunuzi na kila muuzaji hujifanya anaondoka. Huo ni mchezo wa sokoni na Abasi aliujua tangu alipokuwa akichuuza viberiti. Lakini wengine huondoka huku wakiibia jicho, au wanakohoa, au wanajifanya wamesahau kitu. Huyu alisimama tu. Hakugeuka wala hakutikisika. Alisimama kama mtu aliyekwisha kukataliwa na sasa anajaribu kukumbuka njia ya kwao. Abasi alikuwa hajamwita mtu arudi kwa miaka mingi, na alijivunia hilo. Siku ile akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Haya, rudi."

Kasimiri akarudi, akauza kwa bei aliyoitaka. Wakati wa kutoka akaichomoa kofia msumarini, akaivaa.

"Nimechukua, mtani," akasema, na huyo akaenda zake.

Abasi akabaki na msumari. Kofia ilimuuma, lakini alikuwa mtu wa kutazama mbele. Mtu anayeweza kukusemesha neno usilokusudia, aliwaza, ni bidhaa. Bado tu hajajua anauzwa wapi.

Soko lilipatikana siku ya msiba. Mjomba wake Abasi alifariki, mzee aliyefanya kazi ya kutia mafuta mabehewa, na waombolezaji walikuwa wamekaa uani kimya, kila mtu na kichwa chake, aliposikika mjomba akiingia. Ile kanzu yake. Ule mkono wa kushika kiuno. Ile sauti ya kuuliza chakula kabla ya salamu: "Leo mmepika nini cha kuniua?" Alikuwa Kasimiri. Wanawake walicheka mpaka wakajilaza kwenye mikeka, kisha kicheko kikageuka kilio cha kweli, kile kilichokuwa hakijatoka tangu asubuhi. Abasi, ambaye watu walimjua kwa jicho kavu, alikwenda nyuma ya choo akakaa huko kitambo, na aliporudi alisema alikuwa akitazama kuku.

Aliyekuwapo pale ni Silasi, mkalimani wa mzungu wa sinema. Siku hizo, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha, serikali ilianza kutengeneza sinema za kufundisha watu: jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kupalilia pamba, jinsi ya kutomwamini tapeli. Zilionyeshwa bure na gari lililozunguka vijijini na jenereta yake. Mzungu alitafuta watu wa kuigiza, na wote aliowapata walisimama mbele ya mashine kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Silasi akampeleka Kasimiri.

Mzungu akamzunguka, akamtazama meno ya mbele yaliyoachana na jicho moja lililolegea, akasema maneno marefu.

"Anasemaje?" akauliza Kasimiri.

"Anasema una uso wa mtu mbaya," akasema Silasi. "Anafurahi sana."

Hivyo Kasimiri akawa mtu mbaya wa sinema. Mwenye shamba zuri alikuwa mwingine, kijana mwenye meno yaliyopangika, na kila mwaka aliletwa kijana mpya. Mtu mbaya alikuwa ni yule yule. Alikuwa mlevi aliyekataa kuchimba choo. Alikuwa mganga wa uongo. Alikuwa karani aliyekula fedha za chama cha wakulima. Aliigiza vizuri hivi kwamba mzungu hakusema tena "rudia".

Siri yake aliijua Abasi peke yake, kwa kuwa Kasimiri alikuwa bado akija dukani na asali. Kuigiza alikokujua yeye ni kule kwa msibani. Mara ya kwanza walipompa maneno ya kusema aliuliza, "Marehemu ni nani?" Silasi akacheka: hakuna marehemu, ni mtu tu wa hadithi. "Mtu wa hadithi anatembeaje?" akauliza Kasimiri. Basi kila alipopewa mtu akatafuta marehemu wa kumvalisha. Mlevi alimpa kikohozi cha mpishi wa Kigoma aliyezikwa bila ndugu. Karani alimpa vidole vya fundi saa mmoja Mwarabu. Wafu wale walikuwa wa mbali, hawakuwa na mtu pale wa kuwadai.

"Na mimi nikifa utaniuza kwa mzungu?" Abasi akamuuliza.

"Wewe? Nani atakuamini? Watasema mtu bahili namna hii hajaumbwa."

Kisha Kasimiri akataka kuoa. Alikuwa amevuka umri ambao wenzake walioa. Mama yake alikwisha kufa, nyumba yake ya Itetemia ilikuwa na kigoda kimoja. Mwanamke aliyemtaka aliitwa Apolinaria, binti wa marehemu Mzee Lugembe wa Isikizya, mshonaji wa nguo za kanisani, mtu wa maneno machache na cherehani yake mwenyewe. Kasimiri alimjua zamani, maana misimu mingi alitundika mizinga katika msitu wa Lugembe na kulala kwenye uzio wa zizi lake.

"Uwe mshenga wangu," akamwambia Abasi.

"Mwislamu, Mzaramo, mwuza duka, awe mshenga wa Mkatoliki?"

"Sikutafuta mtu wa kusali. Nimetafuta mtu wa kupatana."

Abasi hakuweza kulikataa neno hilo. Akaenda Isikizya na kurudi, akaenda tena. Damas, kaka wa Apolinaria na mkuu wa ile nyumba, alikuwa mtu mgumu, lakini Abasi alipenda watu wagumu. Walaini hubadilika usiku. Wakapatana mahari. Mama Marcelina, mjane wa Lugembe, alikubali tangu mwanzo kwa kuwa, alisema, yule mrina asali hakuwahi kupita mbele ya zizi bila kumsalimu mumewe. Apolinaria alipoulizwa alisema, "Namjua," akaendelea kukanyaga cherehani, na Abasi, aliyesikia maneno mengi ya wachumba maishani, alilichukua hilo kuwa ndiyo kubwa. Padri akasoma tangazo la kwanza la ndoa.

Wiki ile ile gari la sinema likafika Isikizya.

Abasi alikuwako, amekuja na khanga za mama mkwe. Alikaa mbele na Damas kama mgeni wa heshima. Jua lilikuwa limetua tu, watoto wamejaa chini, shuka jeupe limefungwa kati ya nguzo mbili. Sinema ilikuwa mpya kwao, ingawa ilipigwa miaka iliyopita na kupelekwa Ulaya kusafishwa. Iliwafundisha wafugaji wasinunue ng'ombe mgonjwa kwa mtu wasiyemjua. Kasimiri akatokea kwenye shuka.

"Shemeji huyo!" watu wakapiga kelele. Damas akacheka, akapiga makofi na yeye.

Kisha Kasimiri akaanza kutembea. Mguu wa kushoto ulikokota kidogo. Fimbo ilikuwa imelazwa nyuma ya shingo, mikono imening'inizwa juu yake. Akasimama, akajifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja kabla ya kusema, akacheka kwa pua.

Makofi yalikufa moja moja. Huko nyuma, katikati ya wanawake, Mama Marcelina akaita, tena si kwa nguvu, bali kama unavyomwita mtu aliye uani: "Baba Damas?"

Mtu wa kwenye shuka hakumwitika. Alimuuzia mjane ng'ombe mwenye sotoka, akacheka kwa pua, akaenda kunywa pombe. Mwishoni polisi wakamfunga pingu. Abasi hakumtazama Damas. Alitazama khanga mapajani mwake na kujua kwamba amebeba mzigo usio na mnunuzi.

Asubuhi Kasimiri aliitwa, akaja mbio kwa baiskeli ya kuazima. Yeye mwenyewe alikuwa hajaiona sinema ile. Wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Apolinaria alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya ukuta usiofika darini.

"Baba yetu," akasema Damas, "hakuwahi kuuza hata kuku mwenye kamasi. Leo watu wa Isikizya wamemwona akimwibia mjane. Kesho watamwona watu wa Nzega, keshokutwa Igunga. Matanga yake tuliyaanua. Nani amempa mtu ruhusa ya kumtoa kaburini? Na wewe si mtani wetu. Wewe ni Mnyamwezi kama sisi. Mtani huigiza, tena siku ya msiba. Mtu wa kwenu akikuigiza, amekutukana."

Lilikuwa neno la haki, na Abasi hakupoteza muda kulipinga. Alizungusha kichwani bidhaa zote alizonazo. Kuomba radhi, haitoshi. Mbuzi, haitoshi. Kuizuia sinema, haiwezekani: Silasi alikwisha kumwambia kwamba nakala zake zimetengenezwa nyingi na zimeshasambazwa hadi Dodoma. Ilibaki moja.

"Mtani wa marehemu hapa ni nani?" akauliza. "Si mimi, Mzaramo? Siku ya msiba wake nilikuwa Kigoma kwa biashara. Haki yangu ya kumwigiza sikuitumia, na ninyi mnajua haki hiyo haiozi. Mimi ndiye niliyemtuma Kasimiri aniigizie, kwa kuwa sina kipaji. Igizo lile ni langu. Kama kuna kosa ni la kuchelewa, na la kuchelewa mtani hulipia mbuzi, kisha watu wakacheka."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Ikiwa alitumwa na mtani..." Mwingine akaguna kukubali. Abasi aliisikia ile hewa aliyoisikia dukani mteja anapopeleka mkono mfukoni. Uongo ulikuwa mzuri. Uliwapa wote mlango wa kutokea, hata Damas, ambaye kwa kweli hakutaka kurudi kanisani kufuta tangazo.

Damas akageuka. "Kasimiri. Ni kweli mtani alikutuma?"

Lililohitajika ni neno moja tu. Mtu aliyekuwa amewadanganya wajane, mapolisi na maaskari kanzu mbele ya mashine, mtu asiyehitaji kurudia, alikuwa amekaa na kofia ya pama juu ya magoti, akiizungusha ukingo.

"Hapana," akasema.

Abasi akafumba macho.

"Nilimchukua mwenyewe. Waliniambia nitembee kama mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe niliyemjua ni yeye tu. Misimu yote niliyolala zizini kwake alikuja alfajiri na kibuyu cha maziwa, na kabla sijaamka nilimsikia mguu. Nikisema nilitumwa, ni kama nasema sikumjua."

"Basi ulimjua," akasema Damas, "ukamfanya mwizi."

Kasimiri akaishika kofia mkononi. Alisimama, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima, akaenda mlangoni. Pale akasimama, mgongo kawapa. Abasi alijua kile ni nini. Alitazama wazee, akatazama ukuta wa chumba cha ndani. Cherehani haikulia. Upande ule wa ukuta mtu alivuta pumzi kama anayetaka kusema, na Abasi akasubiri kwa hamu kuliko alivyowahi kuisubiri bei yoyote. Hakuna aliyesema. Kasimiri akavaa kofia, akatoka.

Njiani Abasi hakumhurumia.

"Neno moja! Ndiyo! Mtoto mchanga hulisema. Nimekupatia mke, nimekupatia wakwe, wewe umeniacha nimekaa pale kama mwongo aliyekamatwa."

"Si ulikuwa mwongo?"

"Nilikuwa mshenga! Na wewe kwenye sinema unaongopa mpaka ng'ombe wanakuamini."

"Kule najua anayeongopa ni nani," akasema Kasimiri. "Pale ningekuwa mimi."

Wakaendesha baiskeli zao bila kusemezana mpaka Ipuli.

Tangu hapo hakuna aliyemwomba tena Abasi awe mshenga, na watu wa Isikizya waliomletea nta wakaipeleka kwa Mhindi. Hiyo ilikuwa hasara yake, akaimeza. Apolinaria aliolewa na fundi wa reli, akahamia Urambo na cherehani yake. Kasimiri akarudi kwenye mizinga na kwenye sinema. Alizidi kuwa maarufu. Kwenye gari moshi abiria waliokaa naye walivuta mizigo yao miguuni. Nzega alinyimwa kitanda katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alimwambia waziwazi kwamba polisi walimfunga pingu, ameona kwa macho yake. Watoto walimfuata wakiimba "Mwizi wa ng'ombe! Mwizi wa ng'ombe!" naye mwanzoni aligeuka na kuwaigizia kidogo wakimbie kwa raha, baadaye akaacha. Alikula peke yake. Alipouza asali dukani alikaa kwenye gunia mpaka Abasi afunge, na Abasi hakumfukuza, ingawa alimwambia mara kadhaa kwamba gunia lile ni la kuuzwa.

Siku moja Mama Marcelina aliingia dukani, amezeeka, na fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtani, gari la sinema litapita wapi mwezi huu?"

Abasi akashangaa. "La nini, mama?"

"Mume wangu hakupiga picha hata moja," akasema bibi. "Aliogopa ile mashine. Damas asijue. Nimemfuata mpaka Sikonge, nimemfuata mpaka Goweko. Yale anayoyasema siyasikilizi. Namtazama anavyotembea tu, halafu narudi."

Kasimiri alikuwa kwenye gunia lake, kwenye kivuli nyuma ya madebe. Bibi alimwona, au labda hakumwona. Alinunua chumvi, akaondoka. Kasimiri akauliza kwa sauti ya chini kama amesikia vizuri. Abasi akasema amesikia vizuri.

"Umlete basi, nimwambie na maneno ya kweli ya mumewe," Kasimiri akasema. Lakini hakumwendea, na Abasi hakumleta. Wote wawili walijua Damas yuko.

Kasimiri alikufa kwa kifua mwaka ambao watu walikuwa wakizungumzia uhuru kila kona, kabla haujafika. Itetemia walikuja wachache: wajumbe wa parokia, warina asali wenzake, Silasi na suti yake. Na nyuma kabisa, Mama Marcelina, ameletwa kwa mkokoteni na mjukuu wa jirani.

Mtani wa marehemu alikuwa Abasi. Kazi ilikuwa yake, na safari hii hakuwa Kigoma. Akasimama katikati ya uwanja, akavaa kofia ya pama ya marehemu, akajikuta hana kitu. Kasimiri alitembeaje? Alitembea kama mlevi, kama mganga, kama karani, kama Lugembe. Alicheka vipi? Watu wakasubiri. Abasi alijifanya analamba asali, akakunja uso; huyo alikuwa Abasi mwenyewe, na hakuna aliyecheka.

Ndipo akakumbuka. Akajitwika debe tupu begani, akaenda mpaka kwenye mlango wa nyumba yenye kigoda kimoja, akawapa watu mgongo. Akasimama. Hakukohoa. Hakuibia jicho. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Shingo ilimuuma kutaka kugeuka. Mwishowe mtu mmoja akaguna, mwingine akaanza kucheka kwa kumtambua, na kicheko kikatambaa mkeka hadi mkeka.

"Mwiteni basi," ikasema sauti ya Mama Marcelina. "Mtoto wa watu kasimama mno."

"Rudi!" wakaita warina asali, wakicheka, wakilia. "Kasimiri, rudi!"

Abasi akageuka, akarudi.

Baada ya mazishi akaondoka na kofia kichwani. Ni haki ya mtani, hakuna aliyemzuia. Mama Marcelina alibaki na mumewe, mara moja au mbili kwa mwaka, popote gari lilipopita, mpaka mashine zile zilipochakaa. Biashara ya Isikizya haikurudi. Kofia Abasi akaitundika kwenye msumari wake, akaiuza kabla ya masika kwa karani wa posta, kwa bei nzuri kuliko ile aliyoifikiria mwanzo. Karani alijaribu ule mchezo wa kwenda mlangoni na kusimama. Abasi akamwacha asimame mpaka akageuka mwenyewe.